Tarehe Aliyoiomba Truphena

Wachungaji wetu, wazee wa boma la Mirumbe, ndugu mliosafiri kutoka Mbita na Mfangano, wauguzi na madaktari mliofanya kazi na marehemu, walimu, majirani, na nyote mlioketi hapa Kegonga leo Jumamosi, tarehe kumi na tano Novemba mwaka wa 2025, familia inawashukuru kwa kufika. Historia hii inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu waliomzaa marehemu ni Wajaluo na waliomwoa ni Wakuria, naye aliishi kati yao kwa lugha hii miaka ishirini na moja. Imeandikwa na mdogo wake, Cephas Magak, ambaye ndiye amesimama hapa akiisoma, na humu ndani atajitaja kwa jina kama wanavyotajwa wengine, kwa sababu kila alipojaribu kuandika "mimi" aliona sentensi inageuka kuwa ya kujitetea. Mnaombwa mvumilie, kwa kuwa kuna mambo humu ambayo hayazoeleki kusomwa mbele ya jeneza, na wazee wawili wa upande wetu walitaka yatolewe, lakini hayakutolewa.

Truphena Awino Magak alizaliwa Jumatatu, tarehe kumi na nne Machi mwaka wa 1977, nje kidogo ya mji wa Mbita, mahali palipokuwa wilaya ya South Nyanza na sasa ni kaunti ya Homa Bay, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ezekiel Magak, fundi wa kutengeneza boti, na Mama Perez Nyagudi, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, aliyeuza dagaa wa omena sokoni. Baada yake mama alipoteza mimba mbili, ndipo akazaliwa Cephas, tarehe tisa Agosti 1984, na mwisho akazaliwa Benard, tarehe sita Oktoba 1989, mtoto mnene mwenye kicheko cha ghafla, ambaye Truphena alimbeba mgongoni hata akienda kuchota maji, mpaka wanawake wa ufuoni wakamtania kwamba amekuwa mama kabla ya wakati wake.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1984 na akafanya mtihani wa darasa la nane Novemba 1991, akawa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa shule ya bweni, na Jumatatu, tarehe tatu Februari 1992, baba yake alimpeleka akiwa na sanduku la bati na blanketi moja hadi shule ya sekondari ya wasichana iliyo karibu na mji wa Migori, akaandikishwa kidato cha kwanza, akapewa sketi mbili na sweta ya kijani kutoka stoo ya shule, na hakurudi nyumbani mpaka likizo ya Aprili.

Siku kumi na saba baada ya yeye kuandikishwa, Alhamisi, tarehe ishirini Februari 1992, Benard alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda, chini, kando ya mlango wa jikoni, akapaliwa, na akakata roho mgongoni mwa baba yake kabla hawajafika kituo cha afya. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alizikwa kesho yake nyuma ya nyumba, na baba akachora jina na tarehe kwa msumari kwenye simiti ikiwa bado mbichi.

Kwa miaka thelathini na tatu familia yetu imesema kwamba chupa hiyo iliwekwa pale na Truphena.

Mmezisikia tarehe hizo mbili, na wengi wenu mmeshaona kasoro bila kuonyeshwa. Cephas ni mwalimu wa hesabu, amefundisha miaka kumi na minane, na kila Desemba amelipaka chokaa kaburi la Benard, akaipitisha brashi juu ya tarehe ile, akaondoa uchafu ndani ya namba kwa kijiti ili zisomeke vizuri, na hakuwahi hata mara moja kuzichukua siku hizo mbili akazilinganisha.

Jinsi Cephas alivyoisimulia hadithi ya siku ile ilikuwa hivi, kwamba Truphena alitumwa dukani kununua mafuta ya taa, akarudi nayo kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, akaiweka chini mlangoni na kwenda kwa jirani kusukwa nywele, na Cephas mwenyewe akiwa uani alimwona akiinama kuiweka, akiwa amevaa sweta yake ya kijani. Aliisimulia hivyo kila familia ilipokutana, mwanzoni kwa kusukumwa, baadaye kwa hiari, akaisimulia kanisani kwenye mkutano wa vijana, akamsimulia mke wake, na alipokuwa mwalimu akawasimulia watoto wa darasa la nne kama somo la usalama nyumbani, akilitaja jina la dada yake, na kila aliposimulia aliiona wazi zaidi kuliko mara iliyotangulia, hata ikafika mahali akawa anajua jua lilikuwa upande gani na kuku walikuwa wangapi.

Truphena alirudi kwa likizo yake ya kwanza Ijumaa, tarehe kumi Aprili 1992, akakuta mdogo wake ameshazikwa na mambo yameshasemwa. Hapo mwanzo ilikuwa ni kwamba chupa aliiacha yeye pale alipokuwa akienda shule, maneno ambayo hangeweza kuyakana moja kwa moja, kwa maana ni yeye aliyekuwa akinunua mafuta ya taa siku zote na ni kweli aliyaweka popote. Mwaka uliofuata ikawa ni siku ileile ya kuondoka kwake. Baadaye ikawa wiki moja kabla hajaondoka. Alisema, "Mama, mimi nilikuwa shule," na mama akamjibu, "Ulikuwa hujaenda," na akasema tena likizo ya pili, na ya tatu akasema kwa sauti ya chini, na alipofika kidato cha tatu hakusema tena, akawa anainuka na kuanza kuosha vyombo hadithi ilipoanza. Hakwenda kamwe nyuma ya nyumba penye kaburi. Mwaka wa 1997, akiwa mwanafunzi wa uuguzi, alisimama kanisani Mbita akatubu kwamba alisababisha kifo cha mdogo wake, akaeleza uzito wa chupa ile mkononi, na Cephas, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikaa benchi ya tatu akitikisa kichwa kukubali.

Truphena alihitimu uuguzi mwaka wa 2000, na Januari 2001 akaajiriwa katika zahanati kisiwani Mfangano, kijiji cha pili kutoka kwao mama yake, na huko ndiko alikokutana na Mwalimu Mirumbe, kijana wa hapa Kegonga aliyekuwa akifundisha Kemia na kuugua malaria kila baada ya miezi miwili. Mwalimu Mirumbe ametuambia kwamba siku alipomwomba wafunge ndoa, Truphena alimjibu, "Kabla hujaongea na wazee wako juu ya ng'ombe, ujue unaoa mtu aliyeua mtoto," naye alipomaliza kusikiliza akamwambia, "Hata wewe ulikuwa mtoto," na wakaoana Jumamosi, tarehe ishirini na nne Aprili 2004, wakajaliwa Helen, aliyezaliwa tarehe kumi na saba Januari 2005, na Bravin, aliyezaliwa tarehe thelathini Julai 2008.

Hapa kuna jambo ambalo familia ya Mirumbe inalijua na upande wetu haukulijua mpaka juma hili. Katika nyumba ya Truphena mafuta ya taa hayakuingia hata siku moja, waliwasha mishumaa mpaka sola ikaja, na hiyo inaeleweka, lakini pia hakuwahi kukubali kuachwa peke yake na watoto wake wakiwa wadogo, alimwita mama mkwe wake, Mama Boke, akae kwenye kigoda amwangalie anapowaogesha, mpaka kila mmoja alipofika miaka mitano. Wapo waliosema kwamba muuguzi anaringa, hataki kazi ya kulea, na Cephas alikuwa mmoja wa waliosema hivyo, alisema kwenye harusi ya binamu yetu na watu wakacheka. Helen amesema anakumbuka mama yake akimpaka mafuta mwilini huku mikono ikitetemeka, na kwamba alikua akidhani mama wote hutetemeka.

Mwaka wa 2010 alirudi chuoni kusomea uuguzi wa afya ya akili, akafanya kazi Migori kisha Homa Bay, akahudumia watu waliookolewa ziwani boti zikizama, wanawake waliopigwa, na polisi waliokuwa hawalali, na Septemba 2017 alitumwa Kisumu kwa mafunzo ya wiki mbili yaliyohusu kumbukumbu na hofu. Alirudi na jambo ambalo tangu hapo alilieleza kwa kila aliyekuwa tayari kusikia. Alisema kumbukumbu haikai kichwani kama picha kwenye fremu, kwamba unapokumbuka kitu, ubongo unakifungua, na kikishafunguliwa kinakuwa laini kwa saa kadhaa kabla ubongo haujakijenga upya na kukikaza tena, na katika muda huo chochote kilicho karibu, maneno ya mtu, hofu yako, huruma yako, kinaweza kuingia ndani yake na kukaushwa pamoja nacho. Kwa akina mama wa kwetu alitumia mfano wa ukuta wa udongo, kwamba ukiumwagia maji ili kuusiriba upya, kidole chochote kitakachougusa kitaacha alama, na ukikauka hutajua alama ipi ilikuwepo tangu nyumba ijengwe. Mtu aliyekumbuka jambo mara mia, alisema, anakumbuka mara ya tisini na tisa.

Jambo hilo alilitumia kuponya. Bi Kuruthum, mwenye duka la vitambaa mjini Migori, yupo hapa leo na ameruhusu jina lake litajwe. Mwaka wa 2016 alifungwa kamba na majambazi ndani ya duka lake, na kwa mwaka mzima baada ya hapo hakuweza kusikia mlango wa chuma ukipandishwa bila kukimbilia nje, akawa anakaa nyumbani huku duka likiendeshwa na wapwa zake. Truphena alikaa naye kila Jumanne kwa miezi mitano, akamfungulia ile siku polepole, sehemu ndogo kwa kila kikao, akiwa amemshika mkono, na kabla haijajifunga tena akamwekea ndani yake mambo ya kweli ambayo hofu ilikuwa imeyafunika, kwamba kamba ilifunguliwa, kwamba jirani alikuja, kwamba yeye ni mzima. Bi Kuruthum anasema siku ile hajaisahau, bali sasa inakaa mahali pake, na mlango wa duka anaufungua kwa mikono yake mwenyewe. Kwa wale waliopatwa na jambo jipya Truphena alikuwa na amri moja, andika kwanza ulichoona, weka tarehe, ndipo uwasikilize wengine.

Na kwa kuwa alijua hivyo, alianza kujiuliza juu yake mwenyewe.

Desemba 2017 tulikutana nyumbani Mbita, mama yetu akiwa amefariki tangu 2009 na baba tangu 2013, na baada ya chakula cha mchana Truphena alimwita Cephas kando, akamwuliza kwa Kijaluo, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya.

"Owadwa, ndugu yangu, siku ile ya Benard, mimi nilikuwa nimevaa nini?"

"Sweta ya kijani."

"Una hakika?"

"Naiona kama ninavyokuona wewe."

"Ile sweta nilipewa shuleni siku ya kuandikishwa. Kabla ya hapo sikuwa nayo."

Cephas alicheka, akasema basi itakuwa ilikuwa ya rangi nyingine, na alipoona dada yake hacheki akakasirika, akamwuliza, "Unataka kusema nini, kwamba mama alikuwa mwongo?" Truphena akasema, "Sisemi mama alidanganya. Hata mimi naiona mikono yangu ikiiweka ile chupa chini. Lakini nimejua vile mikono inaweza kuingia mahali ambapo haikuwepo." Cephas alinyanyuka akaenda kuongea na wageni. Mwaka wa 2022 Truphena alimwuliza tena kwa simu, na Cephas akamjibu kwamba mambo ya kozi awaachie wagonjwa wake.

Truphena alianza kushindwa kumeza chakula kigumu katikati ya mwaka wa 2024, na tarehe kumi na moja Septemba mwaka huo madaktari wakampata na saratani ya koo la chakula, akapokea matibabu ya mionzi na dawa, akapata nafuu kidogo, akarudi kazini Februari hadi Mei mwaka huu, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu, na kuanzia tarehe ishirini na mbili Septemba akalazwa Homa Bay. Jumapili, tarehe tano Oktoba, Cephas alikwenda kumwona saa za alasiri, akamkuta amekonda na sauti imebaki ya kunong'ona, Mwalimu Mirumbe akiwa ametoka kwenda kumtafutia uji, na Truphena akamwambia ainame.

"Tarehe niliyoingia shule naijua, tatu Februari. Tarehe ya Benard siijui. Kaburi lake sijawahi kuliangalia, siwezi. Wewe ndiye unalipaka chokaa. Niletee tu tarehe."

"Nitaangalia."

"Mirumbe angeenda hata leo nikimwambia. Lakini nataka uione wewe kwanza."

Cephas alisema tena kwamba ataangalia, akamfunika miguu, akaondoka. Nyumba yake iko kwenye boma la baba yetu, na kutoka mlangoni pake mpaka kwenye kaburi la Benard ni hatua arobaini, amezipima juma hili. Hakwenda. Alijiambia kwamba ni mgonjwa anayeweweseka kwa sababu ya dawa, alijiambia kwamba kumpa tarehe ni kumchokoza bure, na tarehe kumi na tisa Oktoba Truphena alipomtumia ujumbe wa simu wa neno moja, "Umeangalia?", alimjibu, "Bado dada, niko na mitihani," naye akajibu, "Sawa." Ujumbe huo bado uko kwenye simu yake. Cephas hawezi kuapa mbele yenu kwamba hakujua atakachokikuta. Kama hangekuwa akiogopa kitu, angezitembea hatua hizo.

Truphena Awino alifariki Jumanne, tarehe nne Novemba 2025, saa tano na robo asubuhi, mumewe na Helen wakiwa kando yake, siku thelathini baada ya kuiomba tarehe ile, bila kuletewa.

Jumamosi iliyopita familia ilimpa Cephas kazi ya kuandika historia hii kwa sababu ndiye mwalimu, na Mwalimu Mirumbe akamkabidhi bahasha ya vyeti ili tarehe ziwe sahihi, na ndani yake, chini ya vyeti vya uuguzi, kulikuwa na ripoti ya muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza, imekunjwa mara nne, na juu yake mwalimu wa darasa ameandika kwa mkono kwamba aliandikishwa tarehe 3/2/1992 na hakukosa hata siku moja muhula mzima. Cephas aliisoma akiwa ameketi sebuleni mwa dada yake. Kesho yake mchana alikuwa Mbita amesimama mbele ya kaburi na karatasi ile mkononi, akisoma namba alizozipaka chokaa mwenyewe.

Jumatatu akaenda kwa Mama Teresa, jirani yetu wa tangu zamani, ambaye ana miaka themanini na mmoja na hakuweza kusafiri kuja huku, akamkuta uani akianika omena, akamsalimia, akamwuliza nani aliiweka ile chupa. Mama Teresa aliendelea kutandaza samaki kwa muda.

"Unauliza leo?" akasema. "Truphena akiwa kwa sanduku?"

"Nauliza, Mama."

"Ni wewe, wuoda, mwanangu. Mama yako alienda kusagisha mahindi, akakutuma mafuta ya taa, ukarudi, ukaiacha chupa mlangoni, ukakimbilia mpira. Mtoto wa miaka saba. Hakuna mtu alikuwekea kosa."

Kisha akamweleza yaliyofuata. Baada ya mazishi Cephas hakula siku nne, kisha akawa anaonja tu, na hakutamka neno hadi mvua za Machi zilipoanza, alikuwa akikaa pale mlangoni tu, na watu wakaanza kumwambia mama kwamba huyu naye anamfuata mwenzake. "Mama yako alikuwa ameshapoteza watatu, wawili tumboni na mmoja mikononi," Mama Teresa alisema. "Basi ukianza kulia, anakushika, anakuambia, si wewe, ile chupa iliachwa na Truphena. Ukilia tena, tena anakuambia. Asubuhi, jioni, kila siku ukilia. Mpaka siku moja ukanyamaza, ukasema, ni Truphena. Ukaomba uji. Mama yako alikuja kwangu akipiga vigelegele kwamba umekula."

"Mbona hamkumwambia Truphena?"

"Alisema atamwambia akimaliza shule. Na akimaliza shule, mama yako mwenyewe alikuwa ameamini. Nilimkumbusha mara moja tu, akanifukuza kwake, na hakuwa akiigiza, wuoda, alikuwa ananiona mimi ndiye mwongo. Nikanyamaza. Sisi wote wa rika lile tulinyamaza, tukamwacha msichana wa watu atubu kanisani. Hilo nitalijibu mwenyewe."

Wengine mtauliza kama sasa Cephas anakumbuka. Hakumbuki. Amekaa juma zima akijaribu kujiona akitoka dukani na chupa, akijaribu kuhisi gunzi lile kidoleni, na hata asubuhi ya leo kinachomjia ni kilekile, dada yake akiinama mlangoni kwa sweta ya kijani, siku ambayo alikuwa darasani Migori. Kwa hiyo haji mbele yenu kama mtu aliyekumbuka ukweli. Anakuja na karatasi moja, tarehe moja iliyochorwa kwa msumari, na maneno ya mwanamke mmoja mzee, na hayo anayaamini kuliko macho yake.

Mama yetu Perez asihukumiwe hapa. Alikuwa na mtoto mmoja aliyezikwa na mwingine aliyekuwa akikataa uji, akachukua mzigo akampa yule aliyekuwa mbali na mwenye nguvu, akidhani ni kwa muda. Cephas alipofika Jumatano hii kuieleza familia ya hapa, alitaka kusoma historia fupi ya kawaida na mambo haya ayaseme ndani ya nyumba tu, na wazee wetu wawili wakaunga mkono, wakasema mengine yabaki jikoni. Mwalimu Mirumbe alifuta miwani yake, halafu akasema, "Shemeji, aliyoyatubu aliyatubu mbele ya watu." Bravin alitoka nje na hajaongea na mjomba wake mpaka sasa, na ana haki. Helen akasema, "Soma yote, mjomba. Na useme kuhusu kutetemeka." Ndiyo maana yamesomwa.

Kwa waumini wa Mbita waliopokea toba ya Truphena mwaka wa 1997, Cephas amemwomba mchungaji nafasi Jumapili ya juma lijalo, tarehe ishirini na tatu, asimame palepale aliposimama dada yake. Watoto wa darasa la nne aliowafundisha somo lile kwa jina la Truphena ni wengi, wengine ni watu wazima wenye nyumba zao, na hajui atawapata vipi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay waliomhudumia mwenzao kwa upole mpaka pumzi ya mwisho, wahudumu wa mionzi waliokuwa wakimpigia simu kumjulia hali, wafanyakazi wenzake wa Migori na wa Mfangano, Bi Kuruthum aliyeleta sanda na vitambaa vya mahema, wanawake wa Kegonga waliopika tangu Jumatatu, vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu, na majirani wote wa boma la Mirumbe. Shukrani za pekee ni kwa Mama Boke, aliyekaa kwenye kigoda miaka yote ile bila kuuliza sababu.

Jambo la mwisho. Mtakapopita kutupa udongo, wengi wenu mtataka kumshika Cephas mkono na kumwambia kwamba alikuwa mtoto. Ni kweli, Februari ya mwaka wa 1992 alikuwa mtoto. Oktoba ya mwaka huu hakuwa mtoto. Pole zenu zipelekeeni Helen na Bravin, na mwalimu aliyebaki bila mke.

Lala sasa, nyamera, dada yangu. Mikono yako haikuwa na kosa.